Kufufua betri na umeme wa gari la kulala lililoegeshwa miezi mingi

Gari lenye kitanda, jiko na friji ndani yake huwa na mifumo miwili ya umeme inayoishi pamoja kama wapangaji wa ua mmoja. Wa kwanza ni wa injini, wenye betri ya kuwashia, starta na altaneta, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini. Wa pili ni wa chumba, wenye betri yake yenyewe, ambayo nitaiita betri ya nyumba, pamoja na chaja, kidhibiti cha sola, inverta inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, taa na pampu ya maji. Gari la namna hiyo likiegeshwa kwa miezi mingi, mifumo yote miwili huzimika, lakini haizimiki kwa sababu moja wala haiamshwi kwa njia moja. Kosa ninaloliona mara nyingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ni kutaka kuiamsha yote kwa mkupuo mmoja: nyaya zinaletwa, moto, yaani umeme, unaazimwa kwenye gari la jirani, injini inanguruma, kisha mwenye gari anaamini kwamba altaneta itamaliza kazi iliyobaki.

Gari letu ni Hiace iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, ikiwa tayari imefungwa vifaa vya kulala. Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 tuliondoka tukidhani ni kwa siku chache, na gari likabaki ndani ya ua mtaani Himbi, limefunikwa turubai, kwa miezi tisa. Hakuna aliyekumbuka kufungua waya wa hasi wa betri, kazi ya dakika mbili na spana namba 10. Tuliporudi, ufunguo haukutoa hata mlio wa relei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, saa ya dashibodi ilikuwa giza, na chumbani hakuna taa iliyowaka. Ninaeleza hapa utaratibu tulioufuata, pamoja na makosa niliyoyafanya mwenyewe, kwa kuwa mojawapo liligharimu kifaa cha bei kubwa kuliko betri zote mbili.

Macho na pua kwanza, kisha kipimo

Betri ikifa kabisa, milango inayofunguliwa kwa rimoti haitaitika. Rimoti nyingi zina ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake. Huo ndio utakaofungua mlango wa dereva. Ukishaingia, fungua milango na madirisha yote na uyaache wazi nusu saa kabla ya kugusa chochote, kwa sababu betri za risasi, zile za kawaida zenye tindikali, hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu ambayo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Vua pete na saa ya chuma. Vaa glovu na miwani, hata kama fundi atakucheka.

Kisha itazame kila betri. Iliyovimba ubavuni, iliyopasuka, au iliyolowa pembezoni haichajiwi, bali inatolewa nje ya gari. Inukie pia. Harufu ya yai bovu karibu na betri ni dalili kwamba imeharibika ndani, na hapa pana jambo la kuangalia, kwa sababu sisi wa Goma tumeizoea harufu ya kiberiti inayoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo hata tunaweza kudhani kwamba ni upepo uliogeuka. Sogea hatua kumi kutoka kwenye gari. Kama harufu imekuacha, haikutoka mlimani.

Sasa chukua multimita. Ya bei nafuu inayouzwa Birere inatosha, mradi usomaji wake uulinganishe mara moja na betri mpya unayoijua. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20, na uguse ncha za betri zenyewe badala ya vibanio vya nyaya, maana kibanio chenye kutu kinaweza kukudanganya. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma 12.6 hadi 12.7, na ile ya aina ya AGM, iliyozibwa na ambayo tindikali yake imefyonzwa katika mkeka, huweza kufika 12.8 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni takribani robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 betri imekwisha. Ikiwa imeshuka chini ya 10.5, ama imekaa tupu kwa muda mrefu, ama chumba kimoja kati ya vyumba sita vidogo vilivyo ndani ya betri yenyewe kimekufa, na bado huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Sisi tulisoma volti 4.6 kwenye betri ya kuwashia, na 9.1 kwenye betri ya nyumba. Kijana fundi wa mtaani, aliyekuja akiwa amekwisha kumwomba dereva wa Fuso asogee karibu, aliitazama ile ya kwanza akasema kwa upole: «Papa, iyi batri haiyakufa, inasinzia tu.» Nilimjibu: «Mwanangu, tuiache kwanza isinzie mpaka kesho.» Nilimzuia kwa sababu mbili. Ya kwanza nitaifikia baadaye. Ya pili ni ile Fuso yenyewe: malori mengi ya aina hiyo hutumia volti 24, na kuunganisha volti 24 kwenye gari la volti 12 kunaweza kuunguza kompyuta ya injini, redio na altaneta kabla hujawahi kuondoa mkono. Angalia vilevile upande wa pili wa jambo hilo. Basi za Coaster za dizeli zilizotoka Japani, ambazo wengine huzigeuza kuwa magari ya kulala, na baadhi ya Land Cruiser za zamani, zina betri mbili zilizofuatana kufanya 24. Katika gari kama hilo, pima na uchaji kila betri peke yake, baada ya kuzitenganisha.

Maji ya kuongeza

Kama betri yako ina vifuniko vidogo sita juu, ni ya maji, na maji hayo hupungua. Fungua vifuniko, tumia tochi, usitumie kiberiti wala mshumaa, na uone kama mabamba ya risasi yamefunikwa. Yakiwa wazi, yafunike kidogo tu kabla ya kuchaji. Usijaze mpaka juu, kwa kuwa kimiminika hupanda wakati wa chaji na tindikali itamwagika juu ya chasisi. Ukishamaliza kuchaji ndipo unapojaza mpaka kwenye alama, au milimita 10 hivi juu ya mabamba pale ambapo hakuna alama.

Maji yenyewe lazima yawe yaliyokenekwa. Jambo hili linajulikana kila mahali, lakini katika mji wetu linahitaji kusemwa kwa mkazo zaidi, kwa sababu mafundi wengi huamini kwamba maji ya mvua ni safi kama ya dukani. Kwingineko huenda yakafaa kwa dharura. Hapa, mvua hupita katika moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira, ikachukua gesi za salfa, klorini na florini, ikashuka ikiwa na tindikali, kisha ikateremka juu ya mabati na kubeba zinki na vumbi la jivu. Klorini na metali zinazoingia ndani ya betri huzidisha hali ya betri kujimaliza yenyewe ikiwa imekaa tu. Maji ya Ziwa Kivu nayo yamejaa chumvi na madini yaliyoyeyuka, na kuyachemsha hakuondoi hata punje moja. Kunayazidisha makali, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki. Garaji moja iliwahi kuijaza betri yangu ya zamani kwa maji ya pipa la mvua, nami nikiwa nimesimama pale, nikaona haya kumkataza mtu mzima kazi yake. Betri hiyo haikumaliza mwaka.

Usikubali pia kuongezewa tindikali. Betri iliyokwisha haijapoteza tindikali yake. Salfati imeingia katika mabamba, na chaji ndiyo itakayoirudisha ndani ya maji. Ukiongeza tindikali mpya, kipimo kitapanda na kukufurahisha siku mbili, kisha mabamba yataliwa. Tindikali huongezwa tu pale iliyokuwamo ilipomwagika. Ikikurukia mwilini, osha kwa maji mengi kwa robo saa. Ikimwagika juu ya chuma, nyunyiza bikaboneti ya soda mpaka povu likome, kisha suuza.

Kuchaji polepole, na nje ya gari

Ondoa waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya. Sababu yake ni nyepesi: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, utapata shoti yenye cheche kubwa mbele ya uso wako. Kabla ya kukata, hakikisha una namba ya siri ya redio kama redio yako inaidai. Toa betri, isafishe juu kwa kitambaa chenye maji ya bikaboneti, na uiweke mahali penye hewa. Watu watakuonya usiiweke juu ya sementi kwa kuwa sementi hunyonya moto. Onyo hilo lilikuwa na maana zamani, lakini kwa magamba ya plastiki ya siku hizi halina. Mimi huiweka juu ya ubao hata hivyo, ili kupunguza maneno.

Kanuni ni kuchaji kwa ampea zilizo sawa na asilimia 10 ya ukubwa wa betri, unaohesabiwa kwa ampea-saa, na kwa betri iliyolala muda mrefu ni bora kuanza na nusu ya hapo. Betri ya ampea-saa 70 itachajiwa kwa ampea 3 au 4 usiku wa kwanza, kisha 7. Kwa ampea 7 itahitaji saa 12 hadi 14, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani. Betri ikikaa tupu, salfati iliyo juu ya mabamba hugeuka kuwa chembe ngumu zinazozuia umeme kupita. Mkondo mdogo wa muda mrefu unaweza kuziyeyusha kiasi, ilhali mkondo mkubwa utachemsha tu maji na kupasha joto mabamba. Hii ndiyo sababu ya kwanza niliyoiahirisha: altaneta haijui mwendo wa polepole. Ikikutana na betri tupu, hutoa kila ilicho nacho, ikapata moto yenyewe, na kuitesa betri kwa nusu saa ambayo haitoshi kuijaza. Kazi ya altaneta ni kurudisha kile starta ilichokula, haikuundwa kufufua.

Volti za chaji hutegemea aina. Betri ya maji hupandishwa mpaka karibu 14.4, AGM kati ya 14.4 na 14.7, na ile ya jeli haitaki kuzidi 14.2 hivi; soma ubavuni, maana wengi huandika. Ikiwa gamba la betri linakuwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja, simamisha.

Chaja za kisasa zina tabia inayowachanganya watu. Zikikuta volti chache mno, hukataa kabisa kuanza, zikidhani kwamba hakuna betri. Dawa yake ni kuunganisha betri nzima ya volti 12 sambamba na ile mbovu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kuwasha chaja, kusubiri dakika kumi na tano hivi mpaka volti zipande juu ya 11, kisha kuondoa ile nzima na kuiacha chaja iendelee. Zima chaja kabla ya kuunganisha na kabla ya kutenganisha, na usiondoke hapo hata kidogo. Njia hii ni ya betri za risasi peke yake.

Kuna pia suala la umeme wa mji. Uwe unapata moto wa SNEL, shirika la umeme la taifa, au wa kampuni ya Virunga, utakatika, na chaja nyingi zenye vitufe husahau ulichochagua, zikarudi kwenye hali ya kungoja. Nimewahi kulala nikiamini betri inachajiwa, kumbe ilichajiwa saa moja tu. Tangu hapo huangalia taa ya chaja kila moto unaporudi, na moto ukikatika huchomoa plagi kwanza, kwa kuwa marejeo yake huja na kishindo.

Sasa kosa langu kubwa. Hiace yetu ina tundu la nje la kuchomekea umeme wa nyumbani, linalolisha chaja iliyofungwa chini ya benchi. Nilivuta waya kutoka sebuleni, nikachomeka, nikasikia mlio mfupi kama wa kuvunjika kwa njiti, ikafuata harufu ya plastiki. Umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100. Wetu ni 220. Kibandiko kilikuwa pale, chenye maandishi ya Kijapani na namba 100 iliyosomeka vizuri, lakini mimi nilitazama tundu badala ya kibandiko. Gari la kulala lililotoka Ubelgiji au Ujerumani halina tatizo hili. Lililotoka Japani linahitaji transfoma ya kushusha 220 kuwa 100, au chaja yake ibadilishwe, na matundu ya ndani yanayolishwa na inverta yake yatatoa 100 vilevile, kwa hiyo kifaa cha 220 utakachochomeka humo kitafanya kazi kwa unyonge au kitakataa.

Usiku wa mapumziko ndio hukumu

Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi husoma vizuri hata kama imekufa, kwa sababu volti zimekaa juu juu ya mabamba. Iache saa 12 bila kuunganishwa na chochote, kisha pima. Ikisoma 12.5 au zaidi, kuna matumaini. Ikisoma karibu 10.6, usipoteze muda: kila chumba hutoa volti 2.1, na umepoteza kimoja kamili. Betri yetu ya kuwashia ilitoka kwenye chaja ikiwa na 12.9, kijana fundi akanitazama kwa tabasamu la mshindi; asubuhi ilisoma 10.6 bila kupepesa. Katika betri ya maji unaweza kuthibitisha kwa hidromita, kifaa kinachopima uzito wa kimiminika cha kila chumba. Vyumba vilivyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na chumba kinachopishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi ndicho mgonjwa.

Ukilazimika kununua nyingine, soma maandishi ya ile ya zamani yote. Katika alama ya Kijapani kama 80D26L, 26 ni urefu kwa sentimita na herufi ya mwisho huonyesha ncha ziko upande gani. Ukichukua R badala ya L, waya wa chanya hautafika, na utashawishika kuuvuta kwa nguvu. Pima volti papo hapo dukani kabla ya kulipa. Betri mpya inayosoma 12.2 imekaa rafuni muda mrefu na imeanza ugonjwa uleule unaoukimbia.

Betri ya nyumba haihukumiwi kwa namna hiyo tu, kwa sababu kazi yake si kutoa nguvu nyingi kwa sekunde tatu bali kidogo kwa usiku mzima. Baada ya kuichaji na kuipumzisha, ipe mzigo unaoujua na uhesabu saa. Sisi tuliunganisha balbu ya gari ya wati 50, inayokula kiasi cha ampea 4, kwenye betri ya AGM ya ampea-saa 100, tukawa tunaandika volti kila saa kwenye daftari la watoto. Ilifika 11.8 baada ya saa tisa, yaani ampea-saa 38 hivi, pale ambapo betri nzima ingekaribia mara mbili yake. Tuliamua kuishi nayo. Kwa taa na pampu inatosha. Kwa friji ya usiku kucha haitoshi, na tunajua.

Kama betri ya nyumba ni ya lithiamu, mambo hubadilika. Multimita inaweza kusoma sifuri ilhali betri ni nzima, kwa kuwa kuna bodi ya ulinzi ndani inayokata njia volti zikishuka mno. Inaamshwa kwa chaja yenye hali ya lithiamu, au kidhibiti cha sola chenye uwezo huo. Usiiunganishe sambamba na betri ya risasi, wala usitumie hali ya chaja inayodai kuondoa salfati, kwani volti zake za juu zinaweza kuidhuru.

Sola

Turubai letu lilikuwa limeilinda rangi ya gari na kuiua betri ya nyumba kwa wakati mmoja, kwa sababu paneli iliyoko juu ya paa haikuona jua miezi tisa, huku kidhibiti na king'ora cha gesi vikiendelea kunywa kidogo kidogo. Kabla ya kurudisha betri mahali pake, kata kwanza waya za paneli au ifunike. Kidhibiti huunganishwa na betri kwanza na paneli baadaye, na hutenganishwa kwa mpangilio wa kinyume, kwa sababu kidhibiti kinachopokea jua bila betri kinaweza kupotea katika kutambua kama mfumo ni wa 12 au 24, na vingine huungua. Osha paneli kwa maji na kitambaa laini. Usisugue vumbi la jivu likiwa kavu, maana linakwaruza kioo. Paneli ya wati 100 iliyo safi, kwa saa nne za jua zuri, huleta ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Inatosha kutunza betri, lakini kuifufua iliyokwisha ni kuitwika mzigo usio wake.

Nyaya, fyuzi, na panya

Safisha ncha na vibanio kwa brashi ya waya mpaka viwe na rangi ya risasi mpya, kaza, kisha paka grisi juu yake. Fuata waya mnene wa hasi mpaka unapoingia kwenye bodi na unapoingia kwenye injini. Katika mji huu hewa ya mlima na unyevu wa ziwa hula sehemu hizo kimyakimya. Tumia pua na vidole chini ya benchi. Panya walikuwa wamejenga kiota cha magodoro juu ya relei yetu ya kuunganisha betri mbili, na waya wa pampu ulikuwa umeguguniwa mpaka shaba ikaonekana. Waya wa namna hiyo hukatwa na kuungwa upya. Kuuzungushia utepe tu hakutoshi.

Toa kila fyuzi, itazame, na uirudishe. Kitendo chenyewe cha kuitoa na kuirudisha hukwangua kutu. Fyuzi iliyoungua haibadilishwi kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya sigara, ambayo niliikuta katika gari letu siku ya kwanza tulipolinunua.

Kuwasha injini

Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Angalia mafuta ya injini, maji ya rejeta na mikanda. Washa ufunguo bila kupiga starta, subiri taa ya plagi za kupasha izime kama ni dizeli, kisha piga kwa sekunde tano tu huku mtu mwingine akitazama multimita. Betri nzima haishuki chini ya 9.6 wakati starta inazunguka. Ikishuka zaidi, rudi nyuma. Ikiwa volti ziko juu lakini starta ni nzito, pima kati ya ncha ya hasi na chuma cha injini wakati wa kupiga; ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa bodi ndio wenye kosa.

Injini ikishika, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.5, altaneta haichaji. Ikipita 15, kidhibiti chake kimeharibika na uzime mara moja. Kisha pima betri ya nyumba: nayo inapaswa kupanda ndani ya dakika chache. Yetu haikupanda, kwa sababu relei ilikuwa imeshika kutu pale panya walipokojoa, na ilibidi ibadilishwe.

Ukilazimika kuazima moto, betri ikiwa imethibitika kuwa na uhai, tafuta gari la volti 12. Waya mwekundu hufungwa kwanza kwenye chanya ya betri tupu, kisha chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Acha gari linalosaidia lingurume dakika kumi kabla ya kupiga starta. Kusukuma, kama wanavyopenda kufanya ndugu zetu wa Bukavu kwenye miteremko yao, hakuwezekani kwa gari la gia otomatiki, na betri ikiwa imekufa kabisa hata la gia za mkono linaweza kukataa.

Kurudisha vifaa kimoja kimoja

Vifaa vyote vya chumba viwe vimezimwa unapounganisha betri ya nyumba. Washa taa kwanza, kisha pampu ukiwa na maji kwenye tangi, kisha friji, na inverta mwisho; hii ya mwisho hutoa cheche ndogo inapounganishwa, na hiyo ni kawaida yake. Baada ya kila kifaa, soma volti. Kile kinachoziangusha ghafla ndicho cha kuchunguza, na huwezi kukijua kama umewasha vyote pamoja.

Mwishowe tafuta mwizi aliyekunywa betri. Zima kila kitu, funga milango, ondoa waya wa hasi, hamisha waya wa multimita kwenye tundu la ampea 10, na uiweke katikati ya waya huo na ncha ya betri. Usipige starta ikiwa hapo, utaunguza multimita. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya 60 itafika nusu ndani ya siku 25. Yetu ilisoma 310. Tulitoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka tukafika ile ya king'ora cha wizi kilichofungwa na fundi mmoja miaka miwili iliyotangulia, na namba ikaanguka hadi 20. Kwa 310, betri ya ampea-saa 70 ilikuwa imekwisha siku ya kumi, na siku nyingine zote za ile miezi tisa ilikaa tupu ikigandisha salfati. King'ora tumekitoa. Siku kumi baadaye, bila kuwashwa, betri mpya ilisoma 12.6.